Kulijadidi Gari Kuukuu

Vipo vyombo vya safari ambavyo aliyeviunda alivifunga kabisa kabla ya kuvitoa mkononi mwake, hata mnunuzi hakubakiwa na haki juu yake ila kupanda na kulipa. Na vipo vingine, vichache mno katika zama zetu, vilivyotoka kiwandani vikiwa wazi, kila kipande kimeshikwa kwa boliti na nati zionekanazo kwa macho, ili mwenye chombo, popote atakapokuwapo na hata awe peke yake, aweze kukivua kipande, kukitazama, kukirekebisha na kukirudisha mahali pake. Landrova ya zamani, ile ya springi za bapa na bodi ya aluminiamu, ni ya kundi hili la pili, na kwa sababu hiyo katika nyua za nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki utaikuta imeinuliwa juu ya magogo, milango yake imeegemezwa ukutani, na mtu amelala chali mvunguni akishughulika nayo. Mtu huyo aghalabu hakukusudia kutengeneza kilichovunjika tu. Amekusudia kulifanya gari liwe bora kuliko lilivyozaliwa: lipande mlima uliokuwa ukilishinda, lisimame pale lilipokuwa likisita kusimama, liishi miaka 30 mingine. Jambo ninalotaka kulitaamali ni deni aingialo mtu huyo. Kwani naamini kwamba abadilishaye gari kuukuu nyumbani kwake anawiwa kitu na waliolibuni zamani, na anawiwa zaidi na fundi asiyemjua, atakayelifungua baada yake.

Kuuelewa uwazi ule hapana budi turejee katika dhiki iliyouzaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili feleji ilikuwa adimu huko Uingereza, ikigawiwa na serikali kwa kipimo, na kiwanda kilichotaka fungu lake kilipaswa kuonyesha kwamba bidhaa zake zitauzwa ng'ambo na kuleta fedha za kigeni. Ilhali aluminiamu, iliyokuwa ikiliwa na viwanda vya ndege za kivita, sasa ilipatikana kwa wingi. Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi katika kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na shambani humo alikuwa akitumia Jeep ya Kimarekani iliyosalia vitani. Naye alipojiuliza ataipata wapi nyingine siku hiyo itakapokufa, yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa akiiongoza kampuni, waliona heri waunde yao wenyewe. Bodi wakaifanya kwa aloi ya aluminiamu iitwayo Birmabright. Kwa kuwa hapakuwa na fedha wala wakati wa kutengeneza mashine kubwa za kukandamizia mabati, mbavu za gari zikaachwa bapa, zenye mikunjo michache ambayo fundi wa bati wa mtaa wowote angeweza kuiiga. Na chesisi, badala ya kufinyangwa kwa kipande kimoja, ikaundwa kwa vibamba vya feleji vilivyochomelewa pembe kwa pembe hata vikawa mihimili yenye uwazi ndani. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam, na walioliunda walidhani litawasitiri kwa miaka michache tu hadi biashara ya magari ya kifahari itakaporejea. Likadumu. Aina ya pili ilitoka mwaka 1958, ya tatu mwaka 1971. Springi za bapa zikaanza kuachwa mwaka 1983. Na kizazi cha mwisho cha umbo lile, kilichokuja kuitwa Defender, kilimaliza kuundwa Solihull mwezi wa Januari 2016.

Naisimulia habari hii kwa kuwa yeye ashikaye spana leo hushika matunda ya dhiki ile. Lau feleji ingekuwa nyingi mwaka 1947, huenda tungepewa gari lenye mbavu za mviringo, zilizokandamizwa kwa mashine ambayo hakuna mtu wa Tanga wala wa Thika atakayepata kuwa nayo, na likigongwa lingetupwa. Ufukara wa waundaji ukawa utajiri wetu. Nami nasema pasipo shaka kwamba hii ndiyo sifa kubwa ya gari hilo, kubwa kuliko nguvu zake, ambazo hazikuwa nyingi, na kuliko raha yake, ambayo haikuwapo.

Langu ni la aina ya tatu, refu, lenye inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, lililofanya kazi ya shamba la mkonge kabla ya kunifikia. Nami ninakaa Tanga, ambako pepo za kusi na kaskazi huleta chumvi ya bahari hata ndani ya kabati la nguo. Wengi hudanganyika kwa bodi ya aluminiamu, wakaona mbavu hazina kutu wakadhani gari ni zima. Walakini aluminiamu na feleji, zikigusana na kati yao pakawapo unyevu wenye chumvi, huzaa mkondo mdogo wa umeme mfano wa ule wa betri, na katika mkondo huo aluminiamu ndiyo itoayo nafsi yake, ikageuka ungaunga mweupe kuzunguka kila ribiti na kila boliti. Na wakati huo huo, ndani ya ile mihimili yenye uwazi, tope lililoingia wakati wa masika hukaa miezi likiila feleji kutoka ndani kuja nje, hata rangi ya juu ikabaki nzuri juu ya chuma kisichokuwapo tena.

Kwa hiyo naona ni dhuluma kwa gari, na hatari kwa wapandao, kuanza kulijadidi kwa injini au kwa matairi. Huanzwa kwa nyundo ndogo. Mtu hupita chini ya chesisi akigonga hatua kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza: palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na pengine nyundo yenyewe huzama. Palipooza hukatwa, wala si kuzibwa juu. Hukatwa hadi kifikiwe chuma kisicho na shaka, ndipo kiraka cha unene ule ule kikachomelewa kuizunguka kingo yote, nyaya za betri zikiwa zimefunguliwa kwanza ili umeme wa kuchomelea usije ukaharibu altaneta. Tundu za kutolea maji, ambazo kiwanda kiliziweka na tope likaziziba, huzibuliwa. Mwenye uwezo huagiza chesisi mpya iliyochovywa katika zinki ya moto. Zinki huyeyuka katika nyuzi 420 hivi za Selsiasi, na ikiisha kuushika mwili wa feleji, yenyewe hukubali kuliwa na chumvi kabla ya feleji, na kabla hata ya aluminiamu inayogusana nayo. Asiye na uwezo huo hupaka rangi yenye unga mwingi wa zinki nje, akamimina nta au mafuta ndani ya mihimili, kisha akaweka ukanda mwembamba wa mpira kila mahali ambapo mbavu za aluminiamu hukutana na chuma. Hii ndiyo njia niliyoifuata. Ni kazi ndefu, chafu, ya kulala chini na kuingiwa na kutu machoni, na itakapomalizika hapana apitaye njiani atakayejua kwamba imefanyika. Nami naihesabu kuwa ndiyo kazi tukufu kuliko zote zinazofuata.

Kisha huja habari ya injini, ambayo ndiyo vijana huitaka kwanza. Fundi anisaidiaye, kijana hodari wa kuchomelea, aliniambia tulipokuwa tunapumzika, "Maalim, tuweke injini ya Kijapani, tumalize maneno." Nikamjibu, "Subiri kwanza, mwanangu. Tuulize nguvu hizo zitakwenda kutua wapi." Hakuwa amekosea. Mafundi wetu wamezipachika injini za Kijapani katika Landrova kwa ustadi unaostahiki heshima, na magari mengi yaliyokwisha kukatiwa tamaa yangali yakibeba mizigo na abiria kwa sababu yao. Lakini swali langu lilikuwa na maana yake, kwa kuwa katika gari hakuna nguvu iongezwayo mahali pamoja ikabaki hapo. Kila kiungo hukipokeza kiungo cha pili, na kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakacholipa.

Injini ya asili ya gari langu ni ya petroli, yenye ujazo wa sentimita 2,286 na nguvu za farasi 70 hivi, mpole, mvumilivu, na mlafi wa petroli asiyeweza kustahimilika kwa bei za leo. Badala yake nilichagua injini ya dizeli iitwayo 200Tdi, iliyoanza kutumika mwaka 1989 katika Land Rover Discovery, yenye ujazo wa sentimita 2,495, yenye tabo, na nguvu za farasi 110 hivi. Niliichagua kwa sababu ya nasaba. Injini hii imetokana na ile ya zamani kwa hatua zinazoweza kufuatwa moja moja, hata mpangilio wa tundu za boliti upande wa giaboksi ulihifadhiwa, na kwa hiyo hukutana na giaboksi kuukuu bila ya bamba la kuziunganisha. Kinachobaki kutengenezwa ni vikalio vya kuibebea, mabomba ya maji, njia ya ekzosi na mahali pa rejeta kubwa zaidi. Fundi wa kesho akifungua boneti ataikuta injini ambayo ina kitabu chake, ina spea zake, na inafungwa pale pale ilipofungwa ile ya kwanza.

Sasa tazama nguvu zile zinavyosafiri. Difu ya asili hutaka propela izunguke mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja, na kwa matairi ya 7.50-16 injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika gari huenda kilomita 83 hivi kwa saa. Mwendo huo ulifaa petroli dhaifu, bali dizeli yenye mvuto hulia kwa mateso isiyoyahitaji. Ukiweka difu ya 3.54, ya magari yaliyofuata, kwa mizunguko ile ile utakwenda kilomita 110 hivi. Watu hufurahi hapa, wakasahau kwamba nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, na kwamba gari liendalo 110 humtaka mwenye kulisimamisha nguvu zipatazo mara moja na robo tatu ya zile za 83. Breki ni zile zile za duara, zilizobuniwa kwa gari la shamba, zinazorekebishwa kwa spana gurudumu baada ya gurudumu. Ni nani basi atakayezilipa nguvu zile katika mteremko wa Soni kuelekea Mombo, na lori limesimama penye kona?

Kwa ajili hiyo, baada ya chesisi, breki zilitangulia kila kitu. Mabomba ya feleji yaliyoliwa na chumvi tuliyaondoa, tukaweka ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo hayashiki kutu. Silinda za magurudumu tukaziweka mpya. Tukahakikisha njia ya mafuta imegawanyika pande mbili, ili upande mmoja ukipasuka mwingine ubaki. Tukaongeza kisaidizi cha breki kitumiacho mvuto wa hewa. Na kwa kuwa injini ya dizeli haina mvuto huo kwa maumbile yake kama ilivyo ya petroli, tulihakikisha pampu ndogo ya kuutengeneza inafanya kazi kabla gari halijatoka uani. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha, basi yabadilishwe kila yafikapo miaka miwili hata kama yanaonekana safi. Baada ya hayo yote ndipo difu zilipobadilishwa, na mlima ukabakiwa na ile gia ndogo ya kifimbo chekundu, ambayo haikupungukiwa na kitu cha kutisha.

Bado giaboksi. Hiyo ndiyo iliyo dhaifu kuliko vyote, nayo haikubuniwa kwa mvuto wa tabo. Mtu aweza kuikaza, kuibadilishia beringi, kuitia mafuta mazuri, lakini hawezi kuigeuza asili yake. Hapa jawabu langu lilikuwa kuipunguza injini badala ya kuikuza giaboksi: kipimo cha dizeli katika pampu kilirudishwa chini kidogo, pungufu ya kilichowekwa kiwandani, nasi tukakubali kuziacha nguvu za farasi kadhaa ambazo tulikuwa tumekwisha kuzinunua. Kijana wangu alihuzunika. Mimi naona kwamba kujinyima nguvu ulizo nazo, kwa ajili ya kiungo kisichoweza kusema, ndipo ustadi wa kulijadidi gari unapoanza kuwa na murua.

Springi sitazikawiza. Zile za asili ni tabaka nyingi za vyuma vilivyolaliana, navyo vikishika kutu kati yake huacha kuteleza, na gari hudunda kwa ukali wa kuumiza mgongo. Zipo nyingine zenye tabaka chache, nene katikati na nyembamba kuelekea ncha, ambazo hugusana katikati na nchani tu, na kwa hiyo hupinda kwa ulaini mkubwa zaidi. Nilizinunua, na hapana fedha niliyoitumia kwa gari hili iliyowafurahisha watu wa nyumbani kwangu zaidi ya hiyo.

Yapo pia mabadiliko ambayo siyataki, na sitaficha rai yangu juu yake. Kuna mtindo wa kuliinua gari inchi kadhaa juu ya asili yake, kulivika matairi mapana yanayotokeza nje ya mbavu, kulipachika bampa la feleji zito mbele na kichanja cha mizigo kinachobeba taa nyingi juu ya dari. Kila kimoja kina mahali pake kinapohitajiwa kweli: winchi huokoa maisha, na aendaye mbali na maji hana budi kubeba maji. Lakini kuliinua gari hupandisha kiini cha uzito wake, hukaza pembe za propela hata viungo vyake vikalika kabla ya wakati, na katika njia ya kutoka Lushoto kwenda Mtae, yenye bonde upande mmoja na ukuta wa udongo upande wa pili, gari lililoinuliwa hulalia upande wa bonde. Walioliunda mwaka 1948 waliiweka kila kilo kwa hesabu, kwa sababu hawakuwa na feleji ya kuchezea. Kuirundika leo kilo juu ya kilo kwa ajili ya kutazamwa ni israfu, na ni kutowafahamu.

Kuhusu spea, hali yetu ni njema kuliko wengi wadhaniavyo. Landrova zilipata kuunganishwa Thika, na nchi zetu zilizinunua kwa miongo mingi kwa ajili ya mashamba, misheni, polisi na hifadhi za wanyama. Kwa hiyo mifupa yake imetapakaa kila mahali, na mtu mwenye subira ataipata difu, ekseli au mlango katika gari lililokwisha kuvunjwa, kikiwa na chuma bora kuliko kile kipya cha bei rahisi kilichofungwa ndani ya sanduku la kupendeza. Oktoba 2024 Landrova kwa mamia zilikusanyika Arusha katika tamasha lake, za kila rika na kila rangi, na ingawa wengi waliihesabu siku ile kuwa ya sherehe na utalii, mimi niliiona kuwa ushahidi wa kazi ya mikono ya mafundi ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Na hapa ndipo lilipo lile deni nililolitaja. Fundi aliyelitunza gari hili katika shamba la mkonge sikupata kumwona, lakini nimemjua kwa kazi yake: alipobadilisha waya aliweka waya wa rangi ile ile ya kitabu, kahawia kwa umeme utokao moja kwa moja katika betri, nyeupe kwa ule wa swichi, nyekundu kwa taa ndogo, nyeusi kwa ule urudio katika mwili wa gari, na kwa adabu yake hiyo aliniepusha na usumbufu mkubwa kuliko niwezavyo kueleza. Lau angetumia waya wowote uliokuwa mkononi, kama wafanyavyo wengi wenye haraka, ningeling'oa kila kitu na kuanza upya. Basi nami waya za injini mpya nimezifuatisha rangi hizo, na penye mambo ambayo kitabu cha zamani hakiyajui, kama vile swichi ya plagi za kupashia moto, nimefunga kibandiko chenye maandishi. Ninalo daftari, lenye jalada gumu, ambamo kila badiliko limeandikwa pamoja na asili ya kipande, namba yake, na njia ya kukirudishia kile kilichoondolewa, nalo hukaa chini ya kiti cha kati. Namba ya injini katika kadi ya gari imebadilishwa kwa mujibu wa sheria, ili atakayelinunua asije akashikwa njiani kwa jambo lisilo lake. Injini ya petroli imepakwa mafuta na kuwekwa ghalani, vikalio vyake vya asili havikukatwa, na atakaye kuirejesha ataweza.

Limebaki suala la usukani, ambao ni mzito gari likiwa limesimama, na rafiki zangu wanasema mtu wa umri wangu anastahiki usukani wa kusaidiwa kwa mafuta. Njia niliyoonyeshwa ni nzuri, vifaa vyake vinapatikana, na gharama yake si ya kutisha. Ila inataka kukatwa kwa mhimili wa mbele wa chesisi, na mhimili ukiisha kukatwa hapana daftari litakaloweza kuurudisha. Tumevifungua viungo vya usukani, tumevisafisha na kuvitia mafuta mapya, tumeweka mbele matairi membamba ya kipimo cha asili, na mikono yangu bado inatosha. Chesisi niliyoishughulikia kwa taabu ile siikati.